Mikono Miwili Kwenye Mkoba

Bibi Salud alikuwa na wajukuu wawili wa kike waliolala mkeka mmoja na kusoma shule mbili.

Mikaela alisoma kwa masista, Shule ya Santa Koleta, yenye geti la chuma na bwawa la kuogelea, watoto ishirini na watano kwa darasa. Ada yake ililipwa na mama yake, Nenita, aliyekuwa Dubai akilea watoto wa watu. Jolina alisoma shule ya serikali ya Bagong Tubig, robo saa kwa miguu kutoka nyumbani, darasa la watoto hamsini na watatu. Yeye alikuwa zamu ya mchana, kwa sababu asubuhi madawati yale yale yalikaliwa na watoto wengine. Baba yake, Rodel, aliendesha pikipiki ya abiria yenye kigari ubavuni, na alichopata kilitosha mchele na mafuta ya hiyo pikipiki.

Wote walikuwa na miaka kumi na mmoja, wote darasa la tano. Mikaela alikuwa mtoto mzuri, mpole, asiyependa sana kusoma. Jolina ndiye aliyemaliza vitabu vya Mikaela, vile vyenye picha za rangi, tangu jalada la kwanza mpaka la mwisho, na mara nyingi yeye ndiye aliyemweleza mwenzake majibu.

Alipokuwa na miaka saba aliwahi kuuliza, "Bibi, nani kasema Mikaela asome kule na mimi huku?"

"Mama yake analipa."

"Na baba yangu?"

"Baba yako anakupenda."

Jolina akafikiri kidogo. "Kwani mama yake Mikaela hampendi?"

Bibi Salud alicheka siku ile mpaka akafuta machozi, akaenda kuwahadithia majirani. Kicheko kilimsaidia asiendelee kulitafuta jibu.

Kwa kuwa Nenita alikuwa mbali, yeye ndiye aliyehudhuria vikao vya wazazi Santa Koleta. Alivaa gauni lake la bluu la kanisani, akaketi kwenye viti vya mito, akanyamaza. Wazazi wengi walikuwa wake wa madaktari na wenye maduka. Siku moja, wakingoja kikao kianze, wanawake wawili walikuwa wakizungumza habari za watoto wa shule za serikali.

"Mwenzangu, mpwa wangu alihamia kutoka huko. Tulimnyoa nywele zote. Chawa!"

"Na mdomo! Matusi kama kuli wa sokoni."

Ndipo Bi. Villaruel, mwenyekiti wa kamati, mwanamke mwenye sauti nzuri na haraka nyingi, akamgeukia kwa ukarimu kabisa. "Na wajukuu zako wengine, Mama Salud, wanasoma wapi?"

"Wote shule za kulipia," Bibi Salud akajibu. "Wengine Manila."

Maneno yalimtoka kama chafya. Hakuna aliyemlazimisha. Na Manila hakuwa na mjukuu hata wa dawa.

Uongo ule ukakaa kimya miezi mitano. Kisha kamati ikatangaza safari ya kila mwaka ya kusaidia wasiojiweza, na shule iliyochaguliwa mwaka huo ikawa Bagong Tubig. Kila mzazi atakabidhi mikoba yenye madaftari kwa watoto, na babu na bibi wakiwepo itapendeza zaidi kwenye picha. Bi. Villaruel aliliandika jina la Salud mwenyewe, la tatu kwenye orodha.

Angeweza kusema anaumwa. Aliwaza kuumwa goti, aliwaza kuumwa tumbo. Lakini Mikaela alikuwa ameteuliwa kwenda, na mtoto bila mzazi angekaa peke yake. Alijiambia hivyo. Ukweli mwingine ni kwamba alipenda kuhesabiwa miongoni mwa watoaji, angalau mara moja maishani.

Ndani ya basi la shule, lenye ubaridi wa kufanya mtu ajifunike, alimsogelea Mikaela sikioni.

"Leo ukimwona Jolina, usimwite."

"Kwa nini?"

"Wewe usimwite tu."

"Atanipungia mkono, Bibi. Jana tumepanga. Kasema atasimama mbele ili nimwone."

"Hata akipunga."

Mikaela akamtazama bibi yake muda mrefu, kisha akageukia dirishani. Hakuuliza tena. Bibi Salud alitamani aulize.

Watoto wa darasa la tano, zamu ya mchana, walikuwa wameitwa mapema, nao walikuwa wamepangwa uwanjani kwenye jua, mistari mitano. Walimu walikuwa wametandaza shuka jeupe juu ya meza na kuweka chupa ya maua. Bibi Salud alilitambua shuka lile. Lilikuwa la Mwalimu Perlita, mwalimu wa Jolina, ambaye Bibi Salud alimwona akilianika uani kwake kila alipopita na kapu la puto, keki ndogo za mchele ambazo bibi aliziuza kila Ijumaa nje ya geti hilo hilo la shule.

Hapo ndipo alipoelewa ukubwa wa ujinga wake. Alikuwa amewafikiria wazazi wa Santa Koleta tu. Hakuwa amewafikiria watoto. Uwanja mzima ulimjua.

Wakaanza kunong'ona. Aliona vidole. Msichana mmoja mnene mwenye sauti kubwa, Marivic, akaruka juu.

"Bibi wa puto! Bibi Salud, leo umekuja na—"

Akanyamaza ghafla na kushika mguu. Jolina, aliyesimama mbele yake, alikuwa amemkanyaga bila kugeuza shingo. Alikuwa amekwisha kuona: basi lile, bibi yake katikati ya wanawake wenye miwani ya jua, Mikaela akitazama viatu vyake. Mkono wake, uliokuwa umenyanyuka kupunga, ulishuka taratibu na kujifuta kwenye sketi. Kisha akageuka nyuma, akaweka kidole mdomoni.

Ikawa kama upepo umepita juu ya mpunga. Mmoja akamwambia mwenzake, mwenzake akamwambia mwingine, na watoto hamsini na watatu wakanyamaza. Hata Marivic. Yeye alifumba mdomo wake kwa mikono yote miwili, macho yakimtoka.

Mwalimu Perlita alikuwa akija kuwapokea wageni mmoja mmoja. Alipomfikia Bibi Salud uso ulimchangamka, mdomo ukafunguka, halafu akaiona ile kadi kifuani pake: Mzazi, Santa Koleta. Akafumba mdomo. Akainamisha kichwa kidogo.

"Karibu shuleni kwetu, mama," alisema, kama mtu aliyemwona leo kwa mara ya kwanza.

Jolina akaisoma risala ya shule, kisha ugawaji ukaanza. Kila mzazi alisimama na mikoba yake, mtoto alikuja, akapewa, picha ikapigwa. Watoto wale walikuwa na adabu zao. Kabla ya kupokea, kila mmoja aliuchukua mkono wa mzee aliyesimama mbele yake na kuugusisha kwenye paji la uso, kama wafanyavyo nyumbani. Bi. Villaruel alifurahi kupita kiasi. "Jamani, ona! Ona heshima! Wa kwetu wamesahau kabisa!"

Jolina alifika kwa Bibi Salud. Ilitokea hivyo, mstari ulivyokwenda.

Kila siku ya maisha yake mtoto huyu aliuchukua mkono ule asubuhi na jioni. Aliujua ulivyo, kucha zake, kovu la mvuke wa puto kwenye kidole gumba. Na Bibi Salud alijua kwamba mtoto akiuchukua leo, atauchukua kama alivyozoea, kwa kuuegemea, akifumba macho, na yeyote mwenye macho atajua kwamba hao si wageni. Basi akafanya jambo dogo, ambalo wengine hawakuliona hata kidogo. Akaushika mkoba kwa mikono yote miwili, mmoja juu na mmoja chini, usibaki mkono wa kuchukuliwa.

Mkono wa Jolina ulikuwa umefika nusu ya njia. Ukasimama hewani. Kisha ukageuka, ukapokea mkoba.

"Asante sana, bibi mheshimiwa," alisema Jolina. "Mungu akubariki wewe na familia yako."

Ndivyo walivyofundishwa kusema, wote. Lakini aliyasema polepole na kwa upole, akimtazama machoni, na Bibi Salud aliona kwamba mtoto hakuwa anamsuta. Alikuwa anamsaidia. Alimwonea huruma kama mtu anavyomwonea huruma mzee aliyejikwaa barabarani, akajifanya hakuona ili asimwaibishe.

Picha ikapigwa.

Baadaye watoto walipewa mkate na maji ya machungwa nje, chini ya bati, na wageni wakaingizwa darasani kula. Walimu walikuwa wamechanga wakapika tambi za kukaanga na mboga, na sahani walizoazima hazikulingana. Walimu wenyewe hawakula. Walisimama ukutani wakipunga pepeo za makuti juu ya vyakula, nzi wasitue. Kwenye dawati aliloketi Bibi Salud palikuwa na kitabu cha hesabu kilichofungwa kwa uzi, na juu yake majina matatu, kwa maana kitabu kimoja kilikuwa cha watoto watatu.

Bi. Villaruel akaifuta midomo yake. "Mwalimu, yule msichana mwembamba aliyetusomea risala mwanzoni. Anaitwa nani?"

"Jolina."

"Kipaji, mwenzangu! Kasoma vizuri kuliko binti yangu, nasema ukweli. Sikilizeni." Akawageukia wenzake. "Ile nafasi ya bure ya mwaka huu. Mtoto mmoja kutoka shule ya serikali, asome kwetu mpaka amalize sekondari. Ada, sare, vitabu, kila kitu. Mimi naona tumempata."

Wanawake wakaitikia. Mmoja akasema mtoto kama yule kumwacha hapa ni kumzika.

"Hafai kuzikwa," akasema Mwalimu Perlita kwa sauti ya chini. Hakuna aliyejua kama amekubali au amekasirika.

"Ila kuna sharti," Bi. Villaruel akaendelea, akitoa karatasi na kuliandika jina la mtoto. "Familia isiwe na mtoto anayelipiwa kwetu. Maana hao wana uwezo. Nafasi ni ya asiye na mtu kabisa. Familia yake ikoje, mwalimu?"

 Upepeo wa Mwalimu Perlita ulisimama juu ya tambi.

"Baba yake ni dereva wa pikipiki. Mama yake aliondoka. Anaishi na bibi yake."

"Na huyo bibi yukoje?"

"Ni mtu mwema," alisema Mwalimu Perlita, akiitazama sahani. "Bibi yake ni mtu mwema sana."

Bibi Salud akakiweka kijiko chini. Alielewa vizuri kabisa alichokuwa akifanyiwa. Mlango ulikuwa wazi, na mwalimu ameushika usijifunge. Kilichotakiwa kwake ni kunyamaza tu, na alikuwa amekwisha kunyamaza tangu asubuhi. Akinyamaza dakika tano zaidi, Jolina atasoma kwenye maktaba yenye feni. Atakuwa na kitabu chake peke yake.

Na atapita ukumbini kila siku pembeni ya Mikaela kama mtu asiyemjua. Miaka saba. Jioni Bibi Salud atasimama kwenye lile geti la chuma, amshike mmoja mkono, na mwingine aje nyuma kwa mbali mpaka wavuke barabara. Mtoto angeiweza kazi hiyo. Ameiweza leo bila kufundishwa. Wazo hilo, kwamba angeiweza, ndilo lililomwinua kwenye dawati.

"Madamu," alisema. "Huyo bibi ni mimi."

Bi. Villaruel akatabasamu, akidhani ni mzaha. "Wewe nani, mama?"

"Bibi yake Jolina. Ni mtoto wa mwanangu Rodel. Ni binamu yake Mikaela. Wanalala mkeka mmoja."

 Nje watoto walikuwa wakicheka.

"Lakini ulituambia wajukuu zako wote..." alianza mmoja.

"Nilidanganya, mwanangu."

"Na wale wa Manila?"

"Hakuna wa Manila."

Mwanamke mmoja akakohoa kwenye leso yake. Bibi Salud alihisi masikio yakiwaka moto kama ya msichana. Alikuwa na miaka sitini na saba.

"Mama Salud," Bi. Villaruel alisema, na sauti yake haikuwa mbaya, na hilo ndilo lililokuwa gumu kulisikia, "si umempa mkoba mwenyewe? Nimewapiga picha."

"Nilimpa."

"Na hukusema kitu."

"Sikusema."

"Sasa umesema." Akaitazama karatasi. "Mama, si mimi niliyeweka masharti haya. Wanaishi nyumba moja, sivyo? Kuna anayelipa ada katika nyumba hiyo."

"Anayelipa ni shangazi yake, tena kwa kufua chupi za watu. Baba yake huyu hana kitu."

"Nyumba moja, mama."

"Ndiyo. Nyumba moja."

Bi. Villaruel akapiga mstari juu ya jina. Aliupiga kwa uangalifu, kwa mkono mwepesi, kama asiyetaka liumie. Mwalimu Perlita hakupoteza nafasi hata kwa pumzi moja.

"Yuko mwingine," alisema haraka. "Marivic Abanto. Mdomo mkubwa lakini kichwa kinafanya kazi. Wako saba nyumbani na hakuna anayelipiwa popote. Nimwite?"

"Mwite."

Mwalimu alipopita karibu na Bibi Salud aliugusa mgongo wake kidogo tu. Bibi Salud hakujua kama ni pole au ni kumsogeza njiani. Akatoka nyuma yake.

Jolina alikuwa ameketi kwenye kipande cha ukuta, mkoba mpya magotini, bado haujafunguliwa. Alipomwona bibi yake akasimama.

"Bibi, rudi ndani. Watakuona."

"Wameshaniona. Nimewaambia."

"Umewaambia nini?"

"Kwamba wewe ni mjukuu wangu."

Jolina akautazama mlango wa darasa, kisha akamtazama bibi. "Wamekucheka?"

Hilo ndilo alilouliza kwanza. Bibi Salud akaketi ukutani, akamweleza yote: ile nafasi, sharti lile, jina lake lilivyoandikwa na kufutwa. Hakupunguza kitu. Alipomaliza, Marivic alikuwa akipita mbele yao na mwalimu, akiuliza kwa sauti ya uwanja mzima, "Nimefanya nini tena, mwalimu? Haki ya Mungu si mimi!"

Jolina alimsindikiza kwa macho mpaka akaingia.

"Ilikuwa yangu kweli?"

"Walikuwa wameshakutaja."

"Na maktaba ile?"

"Na maktaba."

"Mikaela anasema haingii hata. Anasema inanuka gundi." Alikuwa akiipinda kamba ya mkoba, akiikunjua, akiipinda tena. "Bibi, pale kwenye mstari ulipaswa useme. Pale ningefurahi. Nilingoja. Hukusema. Umekuja kusema pale ambapo ningetaka unyamaze."

"Ndiyo," Bibi Salud akasema.

"Kwa nini?"

 Alitaka kusema, kwa sababu nakupenda, lakini alikumbuka kwamba jibu hilo alishawahi kumpa kwa swali jingine, na halikumlisha wala kumvisha. "Pale kwenye mstari niliwaonea haya wale," alisema. "Kule ndani nikajionea haya mwenyewe. Sikukufikiria wewe kama ilivyotakiwa, mara zote mbili."

Jolina hakulia. Ingekuwa afadhali. Kengele ya zamu ya mchana ikalia, watoto wakaanza kusukumana kwenda madarasani, naye akauvaa mkoba, akaenda na wenzake. Hakugeuka.

Basi la Santa Koleta likaondoka. Mikaela, kwenye dirisha la nyuma, aliwapungia watu wa uwanjani mkono wote, mpaka bega, kwa nguvu, ingawa aliyemtaka alikuwa ameshaingia ndani. Bibi Salud alikuwa amemwomba sista ampeleke mtoto mpaka nyumbani. Yeye alibaki.

Alikaa nje ya geti kuanzia saa sita na nusu mpaka saa kumi na mbili kasoro, na gauni lake la bluu. Jua lilimfuata. Muuza maji akampa pipa lake alikalie, asitake malipo. Wazazi wa kuchukua watoto wakaanza kufika, wengi wakimjua.

"Bibi Salud! Leo Ijumaa?"

"Si Ijumaa."

"Na umependeza hivyo! Unamngoja nani?"

"Mjukuu wangu. Jolina, wa darasa la tano."

"Tunamjua Jolina, bibi. Nani asiyemjua?"

Mbele ya hawa neno hilo halikumgharimu kitu, na kwa hiyo alijua halikuwa na thamani. Akalisema hata hivyo kwa kila aliyeuliza.

Watoto walitoka kwa kishindo. Marivic alikuwa akishangiliwa, amebebwa mgongoni na msichana mwenzake aliyekaribia kuanguka. Jolina alitoka miongoni mwa wa mwisho. Alisimama mbele ya pipa, akauona uso wa bibi yake ulivyoiva kwa jua.

"Umekaa hapa muda wote?"

"Ndiyo."

"Umekula?"

"Bado."

Jolina akafungua mfuko wa pembeni wa ule mkoba, akatoa kipande cha mkate wake wa mchana kilichofungwa kwenye karatasi ya daftari, akampa. Kisha akatangulia njia ya nyumbani, bila kumngoja wala kumkimbia. Bibi Salud akamfuata hatua tatu nyuma, akila mkate ule mkavu polepole, na hakumwomba apunguze mwendo.